Mkono, Uzi na Sikio: Sauti ya Besi ni Mali ya Nani?

Liko swali ambalo wapenzi wa gitaa la besi hawachoki kuulizana kila wakutanapo, nalo ni hili: sauti nzuri hutoka wapi? Hutoka katika chombo, au hutoka katika mkono wa mpigaji? Kwa mtu aliye mbali na mambo ya muziki swali hili laweza kuonekana la mchezo, la watu walioshiba wakatafuta la kusema. Mimi nadai kwamba ni swali zito, na kwamba ndani yake limejificha swali jingine la maadili, ambalo limetugusa sisi Watanzania kwa namna ya pekee kwa sababu ya jinsi bendi zetu zilivyoundwa na kumilikiwa. Katika kazi iliyofanywa na wengi, tena kwa vyombo visivyo vyao, ni nani awezaye kusema, "Hii ni yangu"?

Kwanza tukitambue chombo chenyewe. Gitaa la besi kwa kawaida lina nyuzi nne, na uzi ulio mnene kuliko zote hutetema mara 41 hivi kwa kila sekunde. Ndiyo sauti ambayo mtu huihisi kifuani kabla hajaitambua kwa sikio. Fundi Paul Tutmarc wa Seattle, Marekani, alikwisha tengeneza besi ya umeme katika miaka ya 1930, lakini chombo hiki kilienea duniani baada ya Leo Fender wa California kuanza kuuza aina yake, iitwayo Precision, mwaka 1951. Kabla ya hapo mpigaji wa besi alisimama na fidla ya mbao yenye kimo cha mtu mzima, ambayo sauti yake ilimezwa na ngoma na tarumbeta mara ukumbi ulipojaa. Jina lile Precision lina maana ya usahihi, kwa kuwa vyuma vilivyopangwa katika shingo ya gitaa humwonyesha mpigaji mahali hasa pa kila sauti.

Hata hivyo, sisi hatukuingojea California itufundishe haja ya sauti nzito. Katika ngoma za pwani, chapuo husema maneno mengi, na vumi, ambayo jina lake lanasibishwa na kuvuma, hushika ardhi. Kule Unguja, katika kidumbaki, kipo chombo kiitwacho sanduku. Ni sanduku la mbao, aghalabu lile lililokuwa la majani ya chai, likageuzwa kifudifudi. Uzi mmoja umefungwa mgongoni mwake, na ncha ya pili ya uzi imefungwa kwenye fimbo. Mpigaji huivuta fimbo, uzi ukakazika, sauti ikapanda. Huilegeza, sauti ikashuka. Hakuna alama wala chuma cha kumwonyesha mahali pa kushika. Anachokitegemea ni sikio lake na kumbukumbu ya mkono wake. Mwenye kudai kwamba sauti yote imo katika chombo, na aende akasikilize sanduku likipigwa na fundi wake, kisha alishike yeye.

Nimeketi mara nyingi na wapenzi wa besi. Wengine walipata kupiga katika bendi, wengine ni makarani, mafundi umeme na walimu ambao hawakupanda jukwaani maishani mwao. Hukutana Jumapili alasiri, kila mmoja na chombo chake, na wasio na chombo hupokezana cha wenzao. Mazungumzo yao ni ya kina mno hata mgeni huona kizunguzungu. Mmoja hupenda nyuzi zenye uso bapa, ambazo sauti yake ni nene na fupi kama kishindo cha mchi katika kinu; mwingine hapendi ila nyuzi za mviringo, zenye mikwaruzo, ambazo sauti yake hung'aa na kudumu. Huyu asema mti wa gitaa ukiwa mzito sauti hukaa. Yule asema mti hauna neno, neno liko katika sumaku zinazopokea mtetemo. Mzee mmoja hupenda kukumbusha jinsi alivyokuwa akizichemsha nyuzi zake katika sufuria ya nyumbani katika miaka ya 1980, wakati fedha za kigeni zilipokuwa adimu na nyuzi mpya zikawa kama dhahabu. Maji ya moto huondoa jasho na uchafu uliojibana katika mizunguko ya waya, na uzi hulia tena kama mpya kwa siku chache. Mkewe, asema, hakuwahi kuisamehe sufuria ile.

Wako wanaoyabeza mazungumzo ya namna hii, wakisema ni kuabudu vitu. Sikubaliani nao. Mkulima anayejua tofauti ya majembe mawili kwa kuyapima mkononi haabudu jembe. Kukijua chombo ni sehemu ya kuijua kazi, na mtu asiyejali uzi wake una nini hawezi kujali wimbo una nini. Ubaya huingia pale chombo kinapotundikwa ukutani kisiguswe, kikawa cha kuonyeshwa wageni. Hapo hakuna tena muziki, pana samani tu.

Katika vikao hivyo hufanyika jaribio ambalo halijapata kunichosha. Gitaa moja, lililounganishwa na spika moja bila kugeuzwa kitufe hata kimoja, hupitishwa katika mikono ya watu watano, na kila mmoja hupiga sauti nne zilezile. Hupatikana besi tano. Sababu zake si za uganga. Kidole kikigonga karibu na daraja la nyuzi, sauti huwa nyembamba na ngumu. Kikigonga karibu na shingo huwa ya duara na laini. Nyama ya kidole yenyewe yatofautiana, mwingine ina sugu na mwingine haina. Zaidi ya yote kuna namna ya kuinyamazisha sauti. Mpigaji mchanga huiacha ikaungana na inayofuata kama maji ya mifereji miwili. Aliyekomaa huikata kwa kiganja cha kushoto mahali hasa panapotakiwa kimya, ili ngoma ipate pa kuingia. Nimeambiwa na wajuzi kwamba ufundi wa besi ni nusu kupiga na nusu kuacha kupiga, nami kama mtunga mashairi nalielewa neno hilo bila taabu. Wasikilizaji wa shairi husifu vina, kwa sababu vina hulia masikioni. Mizani haisifiwi na mtu. Lakini ipunguze mizani moja tu katika mshororo, uone jinsi hata asiyejua kusoma atakavyokunja uso.

Basi tuseme sauti ni ya mkono, na kesi imekwisha? Haijaisha. Hebu tumtazame James Jamerson, ambaye wapigaji wengi wa besi wa Marekani humhesabu kuwa baba yao. Alizaliwa South Carolina mwaka 1936, akahamia Detroit, na katika miaka ya 1960 ndiye aliyepiga besi katika nyimbo nyingi za kampuni ya Motown zilizoenea dunia nzima. Alitumia kidole kimoja tu cha mkono wa kulia, cha shahada, ambacho wenzake walikiita kulabu. Mtu wa namna hiyo ungedhani angeweza kupiga chombo chochote. Lakini Jamerson hakupenda kubadili nyuzi za gitaa lake, Precision la mwaka 1962, mpaka uzi ukatike; aliamini kwamba uchafu uliozishika ulikuwa sehemu ya sauti. Mwenye mkono mkubwa kuliko wote ndiye aliyeng'ang'ania uzi mkuukuu kuliko wote.

Nyimbo hizo zilinunuliwa kwa mamilioni, na miaka mingi walionunua hawakulijua jina la mpigaji, kwa kuwa majina ya wanamuziki wa studio hayakuandikwa katika majalada ya santuri. Sahani ya Marvin Gaye ya mwaka 1971, What's Going On, ndiyo iliyoanza kuwataja. Mwezi Machi 1983 kampuni ilipofanya tamasha la kuadhimisha miaka 25 yake, Jamerson alikuwamo ukumbini, lakini miongoni mwa watazamaji. Alifariki Agosti mwaka uleule, na muda mfupi kabla ya kufa gitaa lake lilikuwa limeibiwa. Halijaonekana mpaka leo. Mwaka 2000 jina lake liliingizwa katika jumba la heshima la muziki wa roki huko Marekani, miaka 17 baada ya yeye kuacha kuhitaji heshima.

Upande wa pili, Paul McCartney wa Uingereza alinunua besi ya Höfner, yenye umbo la fidla, mjini Hamburg mwaka 1961 kwa pauni 30 hivi. Iliibiwa London mwaka 1972. Huyu ni mtu ambaye angeweza kununua besi yoyote duniani, na kiwanda kingemtengenezea mfano wake usiku mmoja. Hata hivyo watu waliitafuta, na mwezi Februari 2024 ikatangazwa kwamba imepatikana na kurudishwa kwake, baada ya nusu karne. Kama sauti yote imo mkononi, kilichotafutwa miaka hiyo yote kilikuwa nini?

Sasa turudi kwetu. Bendi zetu kubwa za dansi, tangu 1964 ilipoundwa NUTA Jazz, ambayo baadaye iliitwa JUWATA, kisha OTTU, mpaka ikajulikana kwa jina la Msondo, ziliwekwa chini ya vyama, mashirika, viwanda na majeshi. Urafiki ilikuwa ya kiwanda cha nguo. Mlimani Park ilianza 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, na mwaka 1983 ikapokewa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Mwanamuziki aliajiriwa kama mfanyakazi mwingine yeyote, na magitaa, spika, ngoma na tarumbeta vilikuwa mali ya mwajiri. Utaratibu huo ulikuwa na heri yake, nami sitaki kuusahau: kijana wa mkulima asiyeweza kununua hata uzi mmoja wa besi alipata chombo, mshahara na mahali pa kufanyia mazoezi. Wahenga walionya juu ya nguo ya kuazima kwamba haisitiri, lakini kizazi kizima cha dansi yetu kilivaa nguo ya kuazima na kikapendeza.

Taabu ilikuja wakati wa kuondoka. Mwaka 1985 wanamuziki kadhaa mashuhuri walitoka Mlimani Park wakajiunga na Orchestra Safari Sound, na habari za namna hiyo zilikuwa za kawaida katika miaka ile. Mtu alihama, gitaa likabaki. Mashabiki waliofuata mtu walisema bendi imehama. Waliobaki ukumbini walisema bendi ipo, kwani vyombo si hivi? Katika maneno hayo mawili limo swali letu lote.

Miaka kadhaa iliyopita lililetwa mezani pangu jalada ambalo nililisoma mara tatu. Taasisi moja ya umma, ambayo zamani ilikuwa na bendi, ilikuwa inasafisha ghala lake. Yalikuwamo spika mbili zilizochanika, vigingi vya ngoma, na gitaa moja la besi. Mzee aliyekuwa mpigaji wake, amekwisha staafu, aliandika barua kuomba apewe gitaa lile, au auziwe kwa bei atakayoimudu. Alilipiga miaka 17. Aliandika kwa mwandiko mzuri kwamba mti wa shingo umelika pale kidole gumba chake kilipopita, na kwamba mtu mwingine akilishika atashika alama ya mkono wake. Mtunza ghala alikuwa ameandika pembeni, kwa wino mwekundu, kwamba kifaa kimo katika leja, ni mali ya umma, na taratibu za kukifuta zifuatwe. Mwingine juu yake aliongeza kwamba mwombaji alilipwa mshahara kamili, hivyo hana dai. Nami nikaombwa kutoa maoni.

Nilipima hivi. Leja ilisema kweli. Mali ya umma haigawiwi kwa sababu mtu ameipenda. Tukianza hivyo, kila dereva atakwenda nyumbani na lori lake na kila mpiga chapa na mashine yake, na wote watakuwa na machozi ya kweli. Na yule wa mshahara naye alisema kweli kwa kiasi fulani, kwa kuwa kazi ya mzee ilikwisha lipwa. Lakini mshahara hununua saa za mtu na jasho la saa zile. Je, hununua pia kile ambacho saa zile zilikifanya mtu awe? Lori likiendeshwa na dereva mwingine, pamba hufika ginari ikiwa pamba ileile. Besi ikipigwa na mwingine, kinachofika si kilekile. Tena chombo kilichopigwa miaka 17 kimebadilishwa na mpigaji, kama yeye alivyobadilishwa nacho. Randa ya seremala huwa hivyo, na mwiko wa mpishi, na yeyote aliyepata kuazima randa ya mwenziwe anajua jinsi inavyokataa kunyooka mkononi mwake.

Niliona kwamba kati ya haki ya kumiliki na hali ya kutokuwa na haki yoyote ipo nafasi ya tatu, ambayo mila zetu ziliijua vizuri kuliko leja zetu. Ngoma ya ukoo si mali ya mpigaji, wala hawezi kuiuza. Lakini haikabidhiwi mwingine wakati yeye yu hai na mkono wake una nguvu. Yeye ni mlinzi wake. Nikaandika kwamba gitaa libaki katika leja, lakini likabidhiwe kwa mzee huyo alitunze na kulitumia, naye awafundishe vijana wa shule ya sekondari iliyo karibu, alasiri mbili kwa wiki. Jalada lilikaa mahali fulani miezi mingi, nisijue wapi. Liliporudi lilikuwa na idhini: akabidhiwe kwa mkopo wa miezi sita, unaoweza kuongezwa. Umeongezwa mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na kila mara kwa barua yenye nakala tatu.

Wako walioniambia nilijificha nyuma ya hila ya kikarani, kwamba ama gitaa ni lake ama si lake. Sioni hivyo. Mambo mengi yaliyo bora katika maisha ya watu hatuyamiliki, twayashika tu kwa muda, na sheria isiyo na neno la kushika italazimika kila mara kuchagua kati ya kunyang'anya na kugawa. Katika wanafunzi wa mzee yupo msichana mmoja ambaye sasa hulipiga gitaa lile kwa usafi unaomzidi mwalimu wake. Sauti yake si ya mzee hata kidogo. Mzee husema ni gitaa linalomfundisha. Msichana husema ni mzee. Na wapenzi wa Jumapili wamepata la kubishania mwaka mzima.

Limebaki jambo la utunzi, nalo ni gumu zaidi. Katika bendi zetu, mtunzi aghalabu huja mazoezini na maneno na sauti ya kuimbia. Mpigaji wa solo hujitafutia njia yake, wa rizimu yake, na wa besi yake, mpaka wimbo ukasimama. Besi ile haikuandikwa na mtu mwingine awaye yote. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mtunzi, na kwa upande wa hakishiriki inamtambua pia mwenye kutumbuiza. Lakini jina linalotangazwa redioni pamoja na wimbo ni la mtunzi na la bendi. Chukua Sina Makosa ya Les Wanyika, bendi iliyozaliwa Nairobi mwaka 1978 ikiwa na vijana wengi wa kutoka kwetu. Mwombe mtu yeyote wa rika langu auimbe wimbo huo. Wengi wataanza na besi, kwa midomo iliyofumbwa, kabla hawajafika kwenye neno la kwanza. Wangapi kati yao watakutajia Tommy Malanga, aliyeipiga? Sidai kwamba kila mpigaji aitwe mtunzi, kwa maana wimbo wenye watunzi wanane utakuwa na kesi nane. Nadai tu kwamba mwalimu anayewafundisha vijana wimbo kama huo awatajie majina ya walioushika kutoka chini, kama anavyowatajia mwimbaji. Hilo halihitaji sheria wala fedha.

Na tusimsahau msikilizaji. Mimi katika miaka ya 1980 nilisikiliza dansi kwa redio ya mbao yenye spika moja, ndogo kama kisahani cha kikombe. Spika ya namna ile haiwezi kutoa mitetemo 41 kwa sekunde, wala 55, wala hata 80. Ni ndogo mno kuisukuma hewa kwa kiasi hicho. Kinachotoka ni vivuli vya juu vya sauti ile, yaani mitetemo mara mbili, mara tatu na mara nne yake. Sikio na ubongo huvipokea vivuli hivyo, hukisia mwili uliovitupa, na kuujaza mahali pake. Maana yake ni kwamba besi niliyoipenda ujana wangu wote, iliyonifanya nigonge meza kwa vidole mpaka nikakemewa, sehemu yake kubwa haikutoka redioni kamwe. Ilitengenezwa kichwani mwangu, kwa kufuata alama alizoniachia mtu nisiyemjua, aliyekuwa anapiga chombo kisicho chake.

Nilimweleza mzee wa gitaa la ghalani habari hizo za vivuli. Alisikiliza mpaka mwisho, akafuta shingo ya gitaa kwa kitambaa, kisha akaniambia kwamba ikiwa ni hivyo, basi bila shaka nimekuja kumdai nusu ya mshahara wake wa mwaka 1984.